Ondoa Wali, Lakini Usiisahau Sindano

(Mazungumzo kuhusu kisukari cha paka, niliyoyatoa kwa wafuga paka wa Magomeni, Dar es Salaam. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa kuja.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Ahsanteni kwa kutoka na jua hili. Namshukuru zaidi bi mkubwa aliyekaa mbele hapa, maana yeye kaja na mgonjwa mwenyewe. Yumo ndani ya kapu, chini ya meza yangu. Anaitwa Kibopa, ana kilo 7 na gramu 200, na hivi sasa hataki kumsikia mtu. Mwacheni atulie kwanza. Paka akiogopa sukari yake hupanda, na jambo hilo nitalirudia.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nimesomea ng'ombe na kuku, kama wenzangu wengi, lakini mji umenileta kwenye paka. Na waliosema paka wa nyumba haingwa walimjua paka mwingine kidogo. Yule alikuwa na kazi. Usiku kucha yuko darini na panya, asubuhi anatupiwa kichwa cha changu na kijiko cha ugali, anakula, anapotea tena. Paka wa leo ninayeletewa kutoka Upanga au Kariakoo anaishi ghorofa ya nne. Amehasiwa, ambalo ni jambo jema na silipingi. Hajaona panya toka azaliwe. Mshahara wa ile kazi ya zamani lakini anaendelea kulipwa, tena umepandishwa: makombo yetu yako palepale, na juu yake kuna bakuli la chakula kikavu cha mfuko lisilokauka mchana na usiku.

Dalili za kisukari cha paka wengi wenu mmeziona bila kuzipa jina. Anakunywa maji mpaka unashangaa. Mchanga wake wa choo unalowa chepechepe. Anakula kuliko zamani na bado mgongo unachomoza. Wengine miguu ya nyuma inalegea, wanakanyaga kwa kisigino badala ya vidole, kama mtu aliyevaa kandambili kubwa kuliko mguu wake. Hiyo ni mishipa ya fahamu imeguswa. Uingereza walipohesabu walikuta takribani paka 1 kati ya 200. Anayepata zaidi ni dume lililohasiwa, mwenye umri wa miaka saba au nane kwenda juu, mnene, wa kukaa ndani. Ongezeni na paka aliyechomwa dawa za steroidi mara kwa mara kwa ajili ya mwasho wa ngozi. Steroidi hizo zinasaidia kweli, ila zinapandisha sukari.

Sasa kwa nini chakula kina nguvu kubwa hivi kwa paka, kuliko hata kwetu? Hapa naomba mnivumilie kidogo.

Ukitafuna ugali mkavu polepole, bila kumeza, baada ya muda unauonja kama una utamu. Jaribuni leo jioni. Mate yetu yana kimeng'enya kinachoanza kuuvunja wanga uwe sukari hata kabla haujafika tumboni. Mate ya paka hayana kitu hicho. Kongosho lake linacho, lakini kidogo. Tena paka hajui utamu ni nini: mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba jeni inayomwezesha mnyama kuonja sukari, kwa paka ni mbovu, haifanyi kazi. Kwa hiyo bibi anaponiambia Pusi wake anapenda maandazi kwa sababu ni matamu, mimi namjibu: anapenda mafuta uliyokaangia, bibi, na harufu ya maziwa. Sukari unaila wewe tu.

Jambo la pili liko kwenye ini. Mtu akishakula wali, ini lake linaidaka sukari ile haraka na kuihifadhi. Ini la paka limeumbwa kwa ajili ya mnyama anayekula panya, ndege na mijusi, ambao wanga ndani yao ni wa kutafuta kwa tochi. Mashine ya kudaka sukari kwa haraka karibu haimo. Iliyomo ni nyingine: ini lake linatengeneza sukari lenyewe kutoka kwenye protini, mchana na usiku, halifungi duka. Ndiyo sababu paka anaweza kuishi maisha yake yote bila punje ya wanga na sukari yake ya damu ikawa sawasawa.

Mpe huyo wali. Sukari yake haipandi kwa haraka kama yetu. Inapanda taratibu, halafu inakaa. Inaweza kukaa saa kumi na mbili na zaidi kabla haijarudi ilipotoka. Maana yake, kwa paka anayechomwa insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari, ugali wa asubuhi unakutana na sindano ya jioni, na ugali wa jioni unaisubiri sindano ya asubuhi. Paka mzima mwembamba kongosho lake linamudu kazi hiyo. Kwa paka mnene, insulini inapiga hodi na mwili hausikii, kwa hiyo kongosho linalazimika kupiga kelele zaidi. Linapiga miezi, linapiga miaka, mpaka linachoka, na ndani yake yanajijenga masalia ya protini yanayoziba seli zenyewe za kutengeneza insulini. Sukari ikishakuwa juu, nayo inageuka sumu kwa seli zile zilizobaki.

Hapo penye sumu ndipo penye matumaini. Baadhi ya seli hizo hazijafa, zimepigwa ganzi tu. Ukiishusha sukari mapema, zinaamka. Paka wengine wanaacha kabisa sindano, tofauti na mbwa, ambaye akishaanza insulini kwa kawaida ni ya maisha. Mwaka 2006 Marekani walichapisha utafiti wa paka 63 wenye kisukari. Nusu walipewa chakula cha kopo chenye wanga mdogo, nusu chenye wanga wa wastani na nyuzinyuzi nyingi. Baada ya miezi minne, katika kundi la wanga mdogo asilimia 68 hawakuhitaji tena insulini. Katika kundi la pili ilikuwa asilimia 41. Mimi huwaambia wateja ugonjwa umelala, haujafa. Ukimrudishia chapati, unauamsha.

Nisieleweke vibaya. Sikusema ugali ndio unaoleta kisukari. Wataalamu bado wanabishana kama wanga peke yake unatosha kumtia paka ugonjwa huu, na wako paka wengi sana mjini hapa wanaokula ugali na dagaa tangu kuzaliwa, wembamba kama kamba, sukari hawaijui. Lisilobishaniwa ni unene: paka mnene anakaribia kuwa na hatari mara nne ya yule mwenye uzito wake. Chapati moja ya mafuta inaweza kufikia chakula chote anachohitaji paka wa kilo nne kwa siku nzima. Wewe unampa robo tu, kwa huruma, juu ya bakuli lake lililojaa, kisha mtoto naye anampa robo yake, na dada wa kazi naye ana huruma zake. Lakini mara paka akishaugua, mjadala wa nini kilianza unakwisha. Wanga unaogeuka sukari ambayo hana wa kuipokea, lazima upungue.

Upungue mpaka wapi? Tunalenga chakula ambacho wanga hautoi zaidi ya asilimia 12 hivi ya nguvu yake yote. Shida ni kwamba mifuko mingi haiandiki wanga. Toeni simu, fungueni kikokotoo, tufanye pamoja. Nina mfuko wa chakula kikavu hapa, jina nimelifunika kwa gundi ya karatasi maana sikuja kutangaza biashara ya mtu wala kuiharibu. Nasoma ubavuni: protini 30, mafuta 10, nyuzinyuzi 4, unyevu 10, majivu 8. Jumlisheni. Ni 62. Toeni kwenye 100. Zilizobaki 38 ni wanga, ingawa hawakuuandika. Sasa nguvu: protini zidisha kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5. Nimepata 105, 85 na 133. Wanga peke yake umechukua zaidi ya asilimia 40 ya nguvu ya chakula hiki, ambacho mfukoni kina picha ya samaki mzima anaruka majini.

Na kopo hili la nyama laini: protini 11, mafuta 5, nyuzinyuzi nusu, unyevu 80, majivu 2. Jumla 98.5. Wanga ni 1.5. Ukipiga hesabu ileile unaangukia kama asilimia 6. Mtu akiona protini 11 dhidi ya 30 anadhani kopo ni la kitapeli. Ni maji tu, na maji hayo paka wa kisukari anayahitaji. Angalizo: kopo lenye vipande vinavyoogelea kwenye mchuzi mzito, mara nyingi uzito ule ni unga. Chagua la nyama iliyosagwa ikashikana. Na maneno "bila nafaka" yasikulaze usingizi. Viazi na njegere si nafaka, ila wanga wamo.

Sasa nitawaambia kosa langu. Nimelisimulia mara chache.

Miaka kadhaa nyuma mzee mmoja mstaafu wa bandarini, mtu wa Temeke, aliniletea paka wake, Sultani. Kisukari cha wazi. Alikuwa akila wali na mchuzi wa samaki, sahani moja na bwana wake. Nilimwanzishia insulini, na sukari ikagoma kushuka, nikaongeza, ikashuka kidogo, nikaongeza tena mpaka uniti tatu asubuhi na tatu jioni. Hapo ndipo nikakaa nikasoma vizuri habari za wanga. Nikampigia simu nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. "Mzee wangu, kuanzia kesho wali basi. Samaki mtupu na kopo." Akasema, "Sawa, daktari." Juu ya sindano sikusema neno.

Yule mzee ni mtu wa kufuata maagizo. Aliondoa wali wote, hata ukoko. Siku ya tatu, saa nne usiku, simu. "Daktari, mwanangu, Sultani anatembea kama mlevi." Nilisikia baridi mgongoni. Nikamwambia apake asali kwenye fizi, kwa kidole, asimimine mdomoni akamkaba, kisha apakie bajaji aje. Alipofika paka alikuwa amelala ubavu, miguu inapigapiga yenyewe. Sukari yake ilisoma 2.1. Wa kawaida ni kati ya 4 na 7, kwa vipimo vya milimoli kwa lita. Tulikaa naye na dripu mpaka adhana ya alfajiri, mzee ameshika mkia wake muda wote, hasemi. Sikumwambia usiku ule kwamba kosa ni langu. Nilimwambia asubuhi. Akanijibu, "Nilikuwa najua. Nilikuwa nasubiri useme."

Sultani alipona. Nilishusha dozi mpaka uniti moja, na baada ya wiki tisa hakuhitaji hata hiyo. Fikirini hapo: uniti tatu ambazo juu ya wali zilikuwa hazitoshi, bila wali zilitaka kumuua. Hivyo ndivyo chakula kilivyo na nguvu. Kwa hiyo mwenye paka anayechomwa insulini tayari, tafadhali, ukitoka hapa usikimbilie nyumbani kubadilisha bakuli. Mwone daktari wako kwanza, mpange siku, mshushe dozi pamoja na wanga, na upime sukari kila siku katika wiki zile za mwanzo. Na akikataa kula, usimchome dozi kamili kwa sababu tu saa imefika. Piga simu.

Tena usimfungishe. Kuna watu wakisikia paka ni mnene wanamnyima chakula siku tatu apungue. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta yanakimbilia kwenye ini na ini linakwama, anakuwa wa njano, na wengi hawarudi. Apungue asilimia moja hivi ya uzito kwa wiki. Kwa Kibopa hiyo ni gramu 70. Mizani ya kupimia mtoto inatosha.

Najua swali lililomo vichwani. Kopo ni ghali. Ni kweli, nami sina jibu la kulifanya rahisi. Lakini angalieni bakuli la ugali na dagaa: tatizo ni ugali. Unga wa sembe robo tatu ya uzito wake ni wanga. Dagaa mwenyewe karibu hana. Ubaya wake ni chumvi na mchanga, basi mloweke, mwoshe maji mawili matatu, mchemshe bila kitu. Kuku naye yuko: waambieni wauzaji wakuwekeeni mioyo na firigisi. Moyo wa kuku ni hazina, una kirutubisho kiitwacho taurini, na paka hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha. Akiikosa, macho yanapofuka na moyo wake unatanuka. Taurini inatoka na maji ya kuchemshia, kwa hiyo usimwage supu, mpe. Isiwe na kitunguu wala kitunguu saumu, hivyo vinavunja damu yake. Maini kidogo, si kila siku. Samaki mbichi kila siku hapana, wako samaki wanaoharibu vitamini B1.

Hata hivyo nyama tupu ya jikoni haitoshi kwa miezi. Haina kalsiamu ya kutosha, na hapo tunahitaji kukaa mezani mimi na wewe tupange. Wateja wangu wengi wanachanganya: kopo nusu, kuku nusu. Na mwenye paka ambaye figo pia zimechoka asichukue maneno yangu ya leo ya protini moja kwa moja. Huyo ana hesabu yake.

Maziwa? Yana sukari yake, gramu tano hivi kwa kila mililita 100, na paka mkubwa mara nyingi yanamharisha. Maji.

Kuhusu saa. Insulini nyingi za paka ni mara mbili, kila baada ya saa kumi na mbili, na hapa Dar es Salaam Mungu katusaidia: saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, jua likija na jua likienda, mwaka mzima halitukosei sana. Chakula na sindano viende pamoja nyakati hizo. Akidonoa kidogo katikati, si dhambi, maadamu ni nyama na imo kwenye hesabu ya siku. Ramadhani msimhamishie ratiba yenu. Yeye hafungi, na tambi za futari hazimhusu.

Mabomba ya sindano: hakikisheni bomba linalingana na chupa. Mabomba ya famasi zetu ni ya insulini ya watu, uniti 100 kwa mililita. Ziko insulini za wanyama za uniti 40. Ukichanganya, dozi inaharibika mara mbili na nusu, juu au chini. Na joto la Februari si la kuacha chupa dirishani.

Sasa nirudi kwa Kibopa. Paka akipandishwa bajaji kutoka Mbagala, foleni, honi, mbwa wa jirani zahanati, sukari yake inaweza kugonga 15 bila ugonjwa wowote, kwa hofu tu. Ndiyo maana sipendi kumhukumu paka kwa tone moja la mezani kwangu. Tunatuma damu maabara kwa kipimo cha fruktosamini, kinachosimulia wiki moja au mbili zilizopita, na tunamfundisha mwenye paka kupima nyumbani, kwenye ukingo wa sikio, na mashine ileile ya watu. Mashine hiyo kwa paka huwa inasoma chini kidogo ya ukweli, nasi tunalijua hilo tunapoamua dozi.

Bi mkubwa asubuhi hii amempima Kibopa kitandani, kabla ya sindano. Karatasi ninayo hapa: 9.4. Mwezi uliopita, siku za chapati, alikuwa 22. Amekuwa bila wanga wiki ya tatu, na dozi tumeishusha mara mbili.

Kijana, lete kapu. Wewe binti, shika taulo, mfunike macho. Sikio ulipashe moto kwanza na kitambaa hiki, damu ije. Kichomeo kaa nacho ukingoni hapa, si katikati, na pamba nyuma ya sikio usijichome kidole. Bi mkubwa, mwite jina lake. Ikisoma 14 msishtuke, nyote mmeona tulivyokuja naye.